Ukuta Usio na Ufa

Mpira ulipohamia kushoto, wasichana sita wa safu ya ulinzi walihamia kushoto. Uliporudi kulia wakarudi nao, mikono juu, viatu vikilia kwa pamoja kwenye sakafu ya ukumbi wa michezo wa mji wa Moknine. Walicheza vizuri mno. Dorsaf alisimama pembeni, filimbi mdomoni, akiona nusu saa yake ya mtihani wa ukocha wa mpira wa mikono inamponyoka naye hana la kurekebisha.

Mada aliyopewa kwa kura ilikuwa rahisi: mlinzi kutoka kwenye mstari wa mbele ya goli na kumkabili mpigaji kabla hajarusha. Kimoyomoyo alikuwa amefurahi. Wiki nzima aliwapitisha wasichana wake katika mada zote, moja baada ya nyingine, hadi wakawa hawakosei hata wakitaka. Aliamini kwamba mtahini ataona kazi safi, atatia saini, mambo yataisha.

"Gwaride hilo!" Anis alipaza sauti kutoka kwenye viti vya watazamaji, mdomo umejaa mkate wa tuna na pilipili ya harisa. "Dorsaf, waamrishe basi wapige saluti!"

Watahiniwa wenzake wakacheka. Anis alikuwa na sababu ya kutamba, kwani alikwisha kufaulu asubuhi ile ile. Na uongozi wa klabu yake na Dorsaf ulikuwa umesema wazi: ligi inaanza, na asiye na leseni shirikisho halimruhusu kukaa kwenye benchi. Dorsaf akirudi mikono mitupu, wasichana watakuwa wa Anis.

Mzee Lamjed, mtahini, ambaye wote walimwita Si Lamjed kwa heshima, alisogea akichechemea kwa goti lake bovu. Alizungumza polepole, kana kwamba kila neno alilinunua mwenyewe.

"Binti yangu, wachezaji nimewaona. Kocha bado."

"Wanafanya sawasawa, Si Lamjed."

"Naam. Na wewe unafanya nini?"

Dorsaf aliitazama filimbi yake. Siku ya kwanza ya kozi walifundishwa hivyo: kocha hupuliza, kila mtu huganda alipo, kosa huonyeshwa, hurekebishwa, mchezo huendelea. Hapo ndipo anapopimwa. Naye kwa bidii zake zote alikuwa amelifagia kosa nyumbani kabla ya kuja.

Ila hakuwa amelifagia. Alijua fika lilikojificha.

Lilikuwa upande wa kulia, kwa Ons. Tangu majira ya baridi, siku ambayo mpira wa Feriel, mpigaji wao, ulimvunja pua mazoezini, Ons hakumkabili tena mtu yeyote. Alinyanyua mikono, akapiga hatua ndogo ya kuzugia, basi. Tasnim, jirani yake mstarini, kila mara aliharakisha kumzibia nafasi. Feriel naye, kila alipofika upande ule, alipunguza nguvu. Hakuna aliyewapangia. Ulikuwa upendo mtupu, uliojengwa kwa ustadi hata mgeni asiuone. Dorsaf aliuona kila jioni. "Usijali, si lazima," alimwambia Ons, na akajihesabu kuwa mtu mpole.

Kwenye ligi hakuna atakayempunguzia mtu nguvu.

Angeweza kuzua kosa jingine, goti la huyu, kiwiko cha yule, na pengine Si Lamjed angeridhika. Lakini hili? Amwanike mtoto wa watu mbele ya ukumbi mzima ili yeye apate cheti? Mpira ulihamia kulia tena. Tasnim akaziba tena.

Dorsaf akapuliza. Sauti ilitoka nyembamba, hakuna aliyesimama. Akapuliza tena, kwa pumzi zote.

"Gandeni!"

Wakaganda.

"Tasnim, hapo ni kwako?"

Tasnim alitazama miguu yake. "Hapana, kocha. Nasaidia tu."

"Rudi kwako."

"Lakini kocha, wewe mwenyewe unajua..."

"Najua. Rudi."

Tasnim akarudi, na pengo likaonekana, Ons peke yake katikati yake.

"Leo, kocha?" Ons alinong'ona. "Mbele ya watu hawa?"

Dorsaf alitamani kumkumbatia. Badala yake alisimama naye bega kwa bega. "Ilikuwa nikwambie zamani, tukiwa wenyewe. Sikuthubutu. Sasa nitazame mimi. Ukimsubiri mstarini, mpira unakufikia ukiwa na kasi yake yote. Ukimwahi kabla hajanyanyua mkono, hana nafasi ya kuurusha." Akageuka. "Feriel! Nipige mimi. Kwa nguvu za mechi."

"Siwezi, kocha."

"Piga."

Feriel alikimbia. Dorsaf alitoka kumlaki, kifua mbele, akaushika mkono wake ukiwa bado chini. Mpira ukaanguka katikati yao kama tunda bovu.

"Sasa Ons."

Safari ya kwanza Ons aliganda, na mpira ukampita sikioni hadi wavuni.

"Mlango uko wazi, karibuni!" Anis akaropoka. Safari hii hakuna aliyecheka.

Machozi yalimlengalenga Ons. Si Lamjed akatazama saa yake.

"Muda, binti yangu."

"Bado," Dorsaf alijibu, bila kugeuka.

Ni baadaye kidogo ndipo alipotambua kwamba aliyemkatalia vile ni mtahini wake, na hata hapo hakugeuka kutazama kama kalamu ya mzee ilikuwa ikiandika. Alikuwa akimtazama Ons tu, aliyejifuta uso kwa mkono wa fulana.

"Feriel," Ons alisema, "ukinionea huruma nakununia mpaka Ramadhani."

"Nuna tu, jini wewe," Feriel akajibu, naye macho yamemwiva. Akaudundisha mpira, akavuta pumzi, akaanza kukimbia.

Ons alifumba macho, akayafumbua, na mguu wake wa kulia ukaacha mstari.