Zamu ya Jumanne

Devotha aliminya punje ya mpunga kwa kucha. Wiki hii ilipaswa kutoa maziwa. Haikutoa kitu. Jaruba lake lilikuwa limepasuka, nyufa zinaingia kidole cha mguu.

Zamu yake ya maji ilikuwa leo, Jumanne. Geti la mfereji alilikuta na kufuli jipya. Ng'ambo, shamba darasa la mradi wa wazungu lilikuwa limejaa maji hadi juu ya kingo.

"Nifungulie, shemeji," alimwambia Shedrack, mdogo wa marehemu mume wake, ambaye sasa ni mwenyekiti wa kamati ya maji pale Madibira. "Mpunga umechanua. Wanangu hawana chakula kingine."

"Alhamisi wageni wanakuja kuona kilimo cha kutunza maji. Niwaonyeshe nyufa? Nisaidie kuwapokea, shemeji. Wakiondoka nakupa maji siku mbili mfululizo. Mimi si ndugu yako?"

Alhamisi Devotha alivaa fulana ya mradi, akasimama katika shamba lisilo lake, amekumbatia masuke mazito ambayo hakuyapanda. Mgeni mmoja aliuliza, kupitia mkalimani, kama maji yanamtosha.

Devotha alitazama chini. Shedrack akakohoa.

"Yanatosha," Devotha alisema.

Wakapiga makofi.

Jioni alikwenda getini na jembe. Kufuli lilikuwepo.

"Wamefurahi mno," Shedrack alisema. "Jumatatu wanaleta wenzao wa nchi nyingine. Vumilia."

"Uliniahidi, shemeji."

"Na wewe uliwaambia yanatosha. Wameandika. Sasa nani mwongo?"

Jumatatu asubuhi alishika mundu. Kalinga, jirani mfugaji, alikubali kumpa debe moja la mahindi kwa jaruba zima, liwe malisho. Devotha alivaa ile fulana, kwa sababu nyingine zote zilikuwa na matundu. Alikata. Masuke hayakuwa na uzito, ukiyapuliza, yanaondoka.

Milango ya magari ilifungwa barabarani. Wageni wakajipanga ukingoni mwa mfereji.

"Yule mama anafanya nini?" mkalimani aliuliza.

Shedrack hakusita. "Anavuna."

Simu zikainuliwa. Mzungu mmoja alifuta macho.

"Mama!" mkalimani aliita. "Nyanyua mganda juu kidogo! Cheka!"

Devotha alisimama, mundu mkononi. Nyuma yake ndama wa Kalinga alishika ncha ya mganda, akavuta.