Pembe ya Bibi Mkunga

Pembe ilikuwa imetoweka, na Kiherehere alijua fika nani kaichukua. Ni Twiga tu, huyo anayelala naye chumba kimoja.

Bweni lao la wanafunzi wa udaktari liliitwa Nyumba ya Bibi Mkunga, kwa heshima ya mkunga aliyezalisha nusu ya mji. Alama yao ilikuwa pembe yake ya mbao, ile ya kuweka kwenye tumbo la mjamzito na kutega sikio upande wa pili. Wanafunzi wapya waliitunza kwa zamu, na kila Jumapili ilikaa mezani mbele ya wote. Ukiipoteza, unafungasha virago. Zamu ilikuwa ya Kiherehere, na Jumapili ndiyo leo.

Ushahidi? Tele! Twiga siku hizi anajifungia bafuni. Anavaa sweta hata jua likiwaka. Jana alipoinama, Kiherehere aliona kitu kimetuna chini ya sweta. Ehee! Nini kingine kama si pembe? Roho ilimuuma, maana mwizi mwenyewe alikuwa akimgawia hata sabuni.

Akausukuma mlango wa bafuni kwa bega. Komeo likang'oka.

Twiga alikuwa sakafuni, sweta kaipandisha kifuani, pembe kaiweka tumboni, kajikunja hasa. Shingo yote ile iliyompa jina, na bado sikio halikufika. Na tumbo lenyewe, lo! Kiherehere kukariri viungo vyote vya binadamu, hili asilione!

"Siwezi kujisikiliza, dada," Twiga alisema akilia. "Tangu jana hachezi. Wakijua humu ndani nimekwisha."

Hasira zikamwisha Kiherehere, hofu ikaingia. Akapiga magoti, akaweka sikio. Hakusikia kitu. Akaisogeza pembe chini kidogo, kisha kushoto.

Mlango ukagongwa. Alikuwa kiongozi wa nyumba. "Kiherehere! Watu wako mezani. Pembe iko wapi?"

"Nakuja!"

"Imo humo? Fungua, au naingia."

Komeo lilikuwa chini, limevunjika. Kiherehere akanyoosha mguu, akauzuia mlango kwa kisigino. Hapo hapo akausikia mpigo wa moyo, wa mbali, mdogo, wa haraka haraka. Akamshika Twiga mkono, akamwitikia kwa kichwa: yupo.

"Usiingie!" alipaza sauti, sikio bado liko kwenye pembe. "Haimo. Nimeipoteza mimi."