Majani Makavu ya Mwaridi wa Verna

Barua ya tatu ya kamati ya mtaa ilifika Jumatatu ya pili ya Julai. Shemeji yangu Verna, mjane wa kaka yangu, aliisoma mara moja, akaikalia.

"Wanasema nini safari hii?" nikamuuliza.

"Yale yale. Majani makavu kwenye miwaridi yanaonekana kutoka barabarani. Tuyatoe kabla ya Ijumaa, tusipoyatoa watatuma watu wao."

Nimezunguka jangwa hili tangu ujana, nikachuma pamba Yuma, nikauza miche Tucson, na sasa nimetua kwa Verna hapa Mesa kwa sababu magoti yamekataa kwenda mbele. Jambo hili nimelieleza kwa watu mpaka ulimi umechoka. Mwaridi wa hapa unapogolewa Januari. Unakatwa sana, unanyolewa kila jani, hata kama unachanua na roho inakuuma. Mwisho wa Septemba unapunguzwa kidogo. Katikati, jua linapochemsha mabomba, unamwagilia alfajiri, maji mengi yaende chini, halafu unaficha mkasi. Majani yataungua yawe kahawia, na yaungue tu. Hayo ndiyo mwavuli wa matawi. Ukiyatoa, jua linaipika ngozi ya tawi na mti unakufa umesimama.

Verna alikuwa na miwaridi kumi na mmoja. Kumi ningeweza kumnunulia mingine. Ule wa kumi na moja, karibu na sanduku la barua, ulitokana na kijiti alichokata kwenye ua wa mama yake kule Duncan, akakibeba ndani ya gazeti lililoloweshwa. Nyumba ya Duncan ilibomolewa pamoja na ua wake. Huo ukifa hakuna pa kwenda kuchukua mwingine.

Jumanne nikamwita Lowell Brandvold, mjumbe wa kamati, mtu mrefu aliyehamia kutoka Minnesota miaka miwili iliyopita. Alikuja na kofia na ubao wake wa kuandikia.

"Kwetu Minnesota," akaanza.

"Kwenu Minnesota mnafukia miwaridi udongoni msimu wa baridi kama maiti," nikamwambia. "Hapa tunaogopa kitu kingine. Shika hilo tawi, lile lililo wazi."

Akalishika, akaliachia haraka, akajifuta kiganja kwenye suruali.

"Sasa shika hili la chini ya majani makavu."

Akalishika. Akakaa nalo kidogo. "Hili lina nafuu."

"Basi waandikie wenzako."

"Wenzangu hawapo, mzee. Wamekimbia joto, wako kaskazini mpaka Oktoba. Nimebaki mimi kwa sababu mke wangu kafanyiwa upasuaji wa goti."

"Na hizi barua anazituma nani?"

"Zinajituma. Kompyuta imepangiwa."

Verna akamgeukia. "Yaani nabishana na mtu ambaye hayupo."

"Nitapiga simu wasitishe, Bi Verna. Nakuahidi."

Alipiga, na ninaamini alipiga. Lakini Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi vijana watatu wa kampuni ya bustani walishuka na karatasi yao. Nilikuwa nimeketi nje kuwangoja, kama nilivyomwahidi Verna, ila dakika ile nilikuwa nimeingia ndani kuchemsha kahawa. Kahawa tu. Waliniambia baadaye waligonga lango, ila lango letu halina kengele, na hodi haifiki jikoni. Wakaanza na mti wa karibu zaidi, ule wa sanduku la barua. Nilipotoka, Verna alikuwa amesimama pale na gauni la kulalia, akiwamwagia maji miguuni kwa mpira wa bustani. Ile kumi ilisalimika. Wa Duncan ulikuwa vijiti vitano, virefu kama mkono, bila hata jani moja.

"Karatasi imesema tukate, mama," mmoja wao akasema kwa upole.

"Karatasi haina mama," Verna akajibu. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Ilikuwa karibu saa moja. Saa nne joto lingepita nyuzi arobaini. Nikachukua rangi nyeupe ya maji ya ukutani, nikaizimua nusu kwa nusu, nikapiga magoti yale yaliyokataa kazi, nikaanza kupaka matawi ili jua ligonge na kurudi. Ndipo Brandvold akaja akikimbia, amechelewa, ubao mkononi.

"Nilipiga simu mara nne," akasema. Kisha akatazama brashi. "Hiyo nyeupe... haimo kwenye orodha ya rangi zinazoruhusiwa mtaani."

Nilishusha brashi maana nilihofia nitamtupia.

"Lowell," Verna akasema, "ama unaandika ama unapaka. Vyote viwili kwa pamoja hapa havina nafasi."

Akasimama na masikio yake mekundu. Halafu akaweka ubao chini, kwenye matope, akaomba brashi.

"Na upande wa nyuma pia?"

"Nyuma ndiko kwa magharibi," nikamwambia. "Huko ndiko jua linauma zaidi. Paka mara mbili."

Akapaka mara tatu. Halafu akaenda kwao akarudi na kiti cha kukunja na shuka, tukavifunga viwe kivuli, na kila alfajiri akawa anakuja kuona kama nimemwagilia, jambo lililoniudhi kuliko barua.

Vijiti viwili vikafa. Cha tatu sikuwa na uhakika nacho. Agosti tarehe ishirini na sita, kwenye kile cha magharibi, Verna aliona chipukizi jekundu dogo kama punje ya mchele. Alituita sote wawili, akatuonyesha kwa kidole bila kuligusa.

Brandvold akainama, akatia mkono mfukoni, akatoa mkasi.

"Hiyo ncha ya juu imekauka, nataka tu kui..."

"Rudisha," Verna akasema.

"Ni kidogo sana, Bi Verna."

"Septemba, Lowell."

"Septemba tarehe ngapi?"

"Nitakwambia. Nipe mkasi nikuwekee."

Akampa.