Mwenyekiti Aliyeipa Sinema Mgongo

Mwenyekiti wa Kamati ya Filamu ya halmashauri alikuwa na namna yake ya kukagua sinema. Wajumbe walikaa mbele ya pazia kama watu wengine. Yeye alikaa akiipa sinema mgongo na kuwatazama wajumbe usoni. Wakicheka, alipitisha. Wakipiga miayo, alipitisha upesi ili watu waende zao nyumbani. Lakini wakishusha macho, filamu hiyo imekwisha. Watu wazima hawashushi macho bure, alisema, pana uchafu hapo, na mimi sina haja ya kuchafuka ili niujue.

Msimcheke sana. Alikuwa mtu mwema, mpole hata kwa kuku wa jirani waliomchimbulia bustani, na aliamini kwa moyo mweupe kwamba anaulinda mji.

Sasa, filamu iliyomtia matatani ilitengenezwa na binti wa muuza vitabu, na ndani yake alikuwemo mke wa Mwenyekiti mwenyewe. Mama huyo ni fundi cherehani, mji mzima unamwita Mama Pindo. Aliitwa akashone magauni ya waigizaji tu; binti akamsikiliza anavyopiga soga huku pini amezibana mdomoni, akamwambia, "Mama, nilikuwa nakutafuta wewe." Mumewe alipoarifiwa, aliitikia "haya, haya" bila kupunguza sauti ya redio.

Siku ya ukaguzi, katikati ya filamu, wajumbe wote walishusha macho kwa pamoja. Hata mwalimu mstaafu, ambaye kwa kawaida huuchapa usingizi tangu mwanzo, alikuwa anatazama viatu vyake. Mwenyekiti akawaza. Mke wake, mbele za watu, anafanya nini? Aliogopa kugeuka. Akaagiza taa ziwashwe, akaifungia filamu pale pale.

Nyumbani hakuuliza, na Mama Pindo hakueleza. Ila tangu jioni ile aliacha kumwita Baba Watoto. "Mwenyekiti, chakula tayari." "Mwenyekiti, maji ya kuoga yanapoa." Aliyasema kwa adabu zote, na adabu yenyewe ndiyo iliyomchoma mzee wa watu.

Binti wa muuza vitabu akaenda mahakamani. Hakimu alikuwa mama wa makamo, mwenye subira ya kumwacha mtu aongee mpaka ajikoroge mwenyewe.

"Mwenyekiti, filamu hii uliiona?"

"Mheshimiwa, niliwaona walioiona."

Watu walivunjika mbavu. Hakimu hakucheka. Akamwita mwalimu mstaafu, akamwuliza ni uchafu gani uliomshusha macho. Mwalimu akahangaika na kofia yake mikononi.

"Hapakuwa na uchafu, mheshimiwa. Nilikuwa nalia. Sote tulikuwa tunalia. Sasa mtu mzima utalia vipi, na Mwenyekiti amekukodolea macho?"

Zuio likaondolewa. Filamu ionyeshwe Jumamosi, katika ukumbi wa halmashauri.

Lakini Mtendaji wa halmashauri hakuwa mtu wa kukubali kushindwa na hakimu. Alimwita Mwenyekiti ofisini kwake, akafunga mlango.

"Mahakama imesema filamu ionyeshwe," alisema. "Haijasema ukumbi usipakwe rangi. Jumamosi mafundi wanaingia. Na Jumamosi itakayofuata wanarudia. Ufunguo unao wewe. Ukiulizwa, sema rangi haijakauka."

"Na hakimu je?"

"Hakimu ana mahakama yake. Ukumbi ni wetu. Na uenyekiti huo, mzee wangu, nani alikupa?"

Mwenyekiti alikipenda cheo chake, tusifichane. Alipenda kupishwa njia na kuitwa mbele kwenye mikutano. Lakini alipokuwa anarudi nyumbani, lililomkaa rohoni lilikuwa jingine. Kumbe ameishi miaka yote na mtu anayeweza kuwaliza wazee sugu kama wale, naye hajui amewaambia nini. Wajumbe wote wamemwona mke wake, isipokuwa yeye. Aliona wivu, na wivu ule ulimtia aibu kuliko vicheko vya mahakamani.

Jumamosi mafundi rangi walimkuta amekaa kwenye ngazi za ukumbi, mlango uko wazi nyuma yake.

"Rudini," aliwaambia. "Mtendaji akiuliza, mwambieni amri ya hakimu haipakwi rangi. Na cheo chake nimemwachia."

Mama Pindo, aliyekuwa amefika na watazamaji wa kwanza, aliyasikia yote. Alisimama kidogo, akarekebisha mtandio.

"Sogea basi, Baba Watoto, watu wapite."

Walikaa safu ya mbele. Ilipofika sehemu ile, Mwenyekiti alishika mikono ya kiti kama mtu anayeng'olewa jino. Hapakuwa na busu wala nguo iliyopungua. Pale kwenye pazia mkewe alipakua chakula katika sahani mbili, akaketi, akaanza kuongea na kiti kitupu kilichokuwa mbele yake. Alikisimulia habari za mteja aliyemkera, ndoto ya ajabu aliyoota, goti linalomsumbua akipanda ngazi. "Nimekuwekea kipande kikubwa," alikiambia, "maana utasema umeshiba, halafu ule changu." Akacheka peke yake. Kisha akaifunika ile sahani ya pili, akaondoa yake.

Mwenyekiti alilia waziwazi, hata leso hakutafuta.

Taa zilipowaka, watu wakawa wanatoka na kumpa Mama Pindo mkono. Mumewe alisubiri mpaka safu yao ikabaki tupu.

"Yule binti anajua kuandika," alisema.

"Hakuandika kitu. Aliniambia niseme yale ninayosemaga nyumbani."

"Unamwambia nani?"

"Kiti chako. Ukiwa kwenye vikao."

Mwenyekiti akageuka, akamkabili. Angeweza kujitetea kwamba vikao vilikuwa vingi, kwamba mji ulimhitaji. Akayaacha yote hayo.

"Nipo sasa," alisema. "Niambie mimi."

Mama Pindo alimtazama kwa muda, kama anayepima kitambaa kabla ya kutia mkasi.

"Goti bado linaniuma," akasema.

"Lipi?" akauliza, maana kwa kweli hakujua.