Mashine Iliyomngoja Mgeni Rasmi

Mashine ya altrasaundi iliingia chumba cha dharura mwezi wa Ramadhani. Mfunguo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, ulipoandama, mashine ilikuwa bado haijamwona mgonjwa hata mmoja. Wagonjwa ndio waliokuwa wakiiona. Walilala mbele yake, wakahema mbele yake, na wengine, Mungu awarehemu, walikata roho wakiitazama imesimama kando ya kitanda, imefunikwa plastiki na kufungwa utepe mwekundu kiunoni, kama bibi harusi ambaye mwenzake amezuiliwa mpakani Horohoro.

Mwenzake huyo alikuwa mgeni rasmi. Ratiba yake ilikuwa ngumu. Bwana Mwinyijuma, katibu wa hospitali, mtu aliyejaliwa tumbo la heshima na akili ya kiasi, alitoa amri kwamba chombo kisiguswe mpaka kizinduliwe. Ili ifanye kazi, mashine ile ilihitaji kubonyezwa kitufe tu. Lakini kiongozi akibonyeza kitufe hapigiwi makofi.

Mimi niliingizwa kwenye shughuli hiyo kwa nasaba. Mashine ilinunuliwa na babu yangu, Mzee Karmali, muuza mabati, na kamati ikaona inafaa mjukuu wake Qusai, mwanafunzi wa bweni, avae sare safi na kubeba mkasi juu ya mto wa mahameli. Walitaka kijana mwenye adabu. Wangeuliza shuleni kwetu, wangeokoa mengi.

Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa chumba cha dharura na mto wangu, namwangalia Bwana Mwinyijuma akinyoosha utepe kwa vidole vyote kumi, mara bajaji ikamleta Mudathir.

Mudathir na mimi tunalala kitanda kimoja cha ghorofa bwenini, yeye chini, mimi juu. Alikuwa anakuja kwa pikipiki kutoka kwao Makorora, makusudi, ili anione nimebeba mto. Njiani pikipiki ikaparamia mkokoteni na usukani ukamchoma tumboni. Hakuwa na jeraha hata la kutia dawa. Alikuwa na rangi ya majivu tu.

"We Qusai," alinong'ona, "mto umekupendeza. Umekuwa somo wa harusi."

"Nyamaza, unakufa."

"Kweli?" Akaacha kucheka.

Daktari Zuleha alimpima presha, akapima tena, uso ukabadilika. "Inashuka," alisema. "Kama anavuja damu tumboni, apasuliwe sasa hivi. Kama havuji, kumpasua ni kumwongezea balaa. Lazima nione ndani."

Chumba cha picha kilikuwa ng'ambo ya uwanja, kimefungwa, kwa sababu mtaalamu wake alikuwa anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya mapokezi. Na hata kingekuwa wazi, Mudathir asingefika huko akiwa hai. Daktari akaugeukia utepe. Bwana Mwinyijuma akajitia katikati.

"Daktari, tafadhali. Mheshimiwa ameshapita Muheza."

"Huyu mtoto hawezi kumngoja mtu aliyepita Muheza."

"Ni muda mchache tu. Mashine ikitumika kabla, mgeni atazindua nini? Tutakuwa tumemdanganya kiongozi."

"Katibu, sogea."

"Sisogei. Nimekabidhiwa chombo." Na akakikumbatia, wallahi, kama mtu anayeagana na mama yake.

Nikatoka nje. Nilisimama ukutani muda wa kuvuta pumzi, kisha nikarudi mbio, macho yamenitoka.

"Katibu! Msafara umeingia! Wamepitia geti la nyuma!"

"La nyuma? Kwenye majalala? Nani kawapitisha?"

Aliondoka akifunga vifungo vya koti. Kwaya ilipomwona anakimbia ikaanza kuimba, ngoma zikalia, na kamati nzima ikamiminika kwenda kuyalaki majalala.

Nikauchukua mkasi. "Kwa niaba ya bweni letu," nilitamka, "na kwa niaba ya wananchi wote wa Makorora..."

"Acha maneno, kata! Halafu chomeka waya."

Nikakata. Nikachomeka. Daktari alimmiminia Mudathir jeli, akamgandamizia kichwa cha mashine chini ya mbavu za kulia, na kwenye kioo pakatokea ukungu wa kijivu, kama wa kule mashambani Maramba alfajiri. Mimi sikuona kitu. Yeye aliona.

"Hili ini. Hili figo. Unauona ufa mweusi katikati yao? Ni damu. Hapo hapatakiwi kuwa na nafasi hata ya karatasi."

Muda aliotumia usingetosha kuchemsha chai. Mudathir akasukumwa mbio chumba cha upasuaji.

Bwana Mwinyijuma alirudi akinuka majalala. Akautazama utepe.

"Nani kakata?"

"Mimi. Shikamoo."

Hakuuliza mgonjwa yuko wapi. Alipiga magoti, akaunga ncha mbili za utepe kwa fundo, akalizungusha fundo nyuma lisionekane. Kisha akatoa leso na kufuta jeli.

Mlangoni pa chumba cha upasuaji nilimkuta Bi Mastura, mama yake Mudathir, ameketi chini, kanga mdomoni. Muuguzi alitoka haraka. Bandama limepasuka, alisema, wanalitoa, lakini damu ya kundi lake iliyokuwa kwenye friji imekwisha. Atafutwe wa kutoa, la sivyo hatoki mle. Bi Mastura akanyoosha mkono. Muuguzi akamvuta kope la chini, akaona weupe mtupu wa upungufu wa damu, akamkatalia. Mimi nikaambiwa umri haujafika.

"Nenda kawatafute watu, mwanangu," alisema Bi Mastura. "Nenda."

Nilijua walipo watu. Msafara wa kweli ulikuwa umeshafika kabla sijaja mlangoni hapo. Utepe ulikuwa umeshakatwa mara ya pili, mimi nimeshika mto kwa unyenyekevu mkubwa, na makofi yamepigwa. Sasa wote walikuwa turubaini, na mgeni rasmi alikuwa akimalizia kueleza kwa kirefu jinsi mashine itakavyoanza leo kuokoa maisha. Alipoketi, mshereheshaji akageuka kunywa maji. Nikashika kipaza sauti.

"Mheshimiwa, ratiba inaendelea. Kuna kijana anapasuliwa sasa hivi na damu imekwisha. Katibu wetu mpendwa, Bwana Mwinyijuma, ameomba awe wa kwanza kujitolea, akifuatiwa na kamati nzima. Tumpigie makofi!"

Kamera zote zikamgeukia. Katibu alinitazama kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali.

"Mimi... nachelea kuiharibu ratiba ya Mheshimiwa."

"Ratiba ni yangu," alisema mgeni rasmi, amefurahi kweli. "Vua koti, Katibu!"

Wawili wa kamati waliingia chooni na hawakuonekana tena. Waliobaki walipanga foleni na kukunja mikono ya mashati, na wapiga picha wakawafuata mpaka kwenye sindano. Bwana Mwinyijuma alifumba macho kabla hajaguswa. Damu ikapimwa, mifuko iliyofaa ikapelekwa ndani. Bi Mastura alihesabu kila mfuko uliopita mlangoni kwa bismillahi yake.

Kesho yake Mudathir alifumbua macho, midomo imemkauka.

"Nimepona?"

"Umepona. Bandama huna, lakini umetiwa damu."

"Ya nani?"

"Ya kamati ya uzinduzi. Mfuko wa kwanza ulikuwa wa Katibu Mwinyijuma."

Akaupapasa mshono.

"Sasa nitakuwa kama yeye?"

"Daktari anasema inaisha yenyewe. Ila mpaka hapo, ukitaka kwenda chooni usingoje mgeni rasmi."

Akacheka, akalia kwa maumivu ya kucheka, na mama yake akanifukuza wodini kwa kandambili.