Fungu la Tatu

Maabara nzima ilimwita Mama Mistari, maana kazi yake ilikuwa kusoma mistari ya mioyo na majasho ya watu. Mtu huketi kitini, hubandikwa vipimo vidoleni na kifuani, husikilizishwa sauti. Yeye, nyuma ya kioo, huwapanga mafungu matatu: aliyeshtuka, aliyetega sikio, na asiyeitikia. Fungu la tatu hutupwa.

Alirudi kazini wiki tatu baada ya kumzika mama yake. Waliompa pole aliwaitikia kama mtu anayejibu salamu za barabarani. Hakuwa amelia, msibani wala baadaye, na mashangazi walishaanza kumteta chini kwa chini.

Siku hiyo mshiriki mmoja hakutokea, na mashine mpya ilitaka kujaribiwa. Mkuu wake, mzee mpenda utani, akamwomba akae yeye. Mganga hajigangi, alisema, basi leo tutamganga sisi. Akakaa. Zikapita sauti: glasi kuvunjika, mtoto kulia, mlango kubamizwa, mtu kukohoa. Zilimpita kama maji juu ya jani la mgomba.

Alipovuliwa vipimo, aliuchambua mwenyewe mstari wa jasho lake. Ulikuwa umenyooka kama rula. Akajiandikia fungu la tatu, akanyoosha mkono kuchukua karatasi nyingine.

Mkuu akamzuia. "Umesoma jasho tu. Soma na moyo."

Akausoma. Kwenye glasi, mtoto na mlango, hakuna. Kwenye kikohozi, moyo ulikuwa umepunguza kasi kwa muda wa mapigo manne mazima, kama mtu aliyesimama ukumbini kusikiliza. Miezi minane mama yake alikohoa chumba cha pili, na miezi minane yeye alisimama hivyo hivyo.

"Niandike huzuni?" aliuliza.

"Moyo ukipunguza kasi, tunajua umetega sikio. Umetegea nini, mashine haijui, mwanangu. Hilo ni lako."

Akafuta tatu, akaandika mbili.

Mzee akamwambia aende nyumbani akapumzike. Alikataa kwa adabu. Ilikuwa imebaki mistari kumi na mmoja ya watu wengine. Aliisoma yote, jasho pamoja na moyo, na hadi saa kumi alasiri alikuwa amewaokoa wawili ambao kwa jasho tu wangetupwa. Bado hakuhisi kitu. Akafunga kabati, akaenda kungoja basi.