Kengele ya Lori la Mansuetus

Mwaka 1953 Mansuetus Ndunguru alikuwa akiendesha lori la tajiri mmoja wa Mbinga, lori la tangu kabla ya vita, bodi yake yote ya mbao. Kila Jumanne aliteremka nalo hadi Mbamba Bay akiwa na mahindi na maharage, na Alhamisi akapanda na usipa mkavu, dagaa wa ziwani. Abiria walikaa juu ya magunia. Aliyetaka kushuka aligonga paa la dereva kwa kiganja, na mara nyingi ngurumo ya injini iliumeza mlio huo. Siku alipompitisha bibi mmoja kijiji chake kwa maili mbili nzima, Mansuetus aliona haya. Akanunua kengele ya umeme dukani Songea.

Jumanne iliyofuata alisimamisha lori Kigonsera, alikokwenda kupakia kwanza, chini ya kanisa, akaanza kuifunga. Abiria wa kwanza kufika alikuwa mama Tadea, mfanyabiashara wa Ngumbo aliyekuwa akirudi ziwani na maharage yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unatengeneza nini?"

"Kengele. Mtu wa nyuma akibonyeza kitufe, mimi mbele nasikia."

Mama Tadea akatua gunia, akasogea. Alitaka kujua kwa nini waya umevikwa mpira, na umeme ukitoka kwenye betri huishia wapi. Mansuetus alijibu alichoweza. Alitoa waya kwenye betri, chini ya kiti, akaufikisha kwenye kengele, kisha akatoa mwingine kwenye kengele wa kupeleka nyuma. Kabla ya kuupeleka, aligusisha ncha yake kwenye chuma cha breki ya mkono. Kengele ikalia. Mama Tadea akarudi hatua moja.

"Rudia," akasema.

Akarudia mara tatu, maana naye alipendezwa.

Kisha akaupitisha waya chini ya bodi, akakikaza kitufe kwenye ubao wa nyuma, akabonyeza. Kimya. Akakifungua kitufe, akaukagua waya kutoka mwanzo hadi mwisho. Haukukatika popote. Abiria walikuwa wamefika tisa sasa, na Xaveri, mkulima wa kahawa, alikwisha kupanda juu ya magunia.

"Iache, bwana," Xaveri akasema. "Viganja tunavyo."

"Labda inataka waya wa pili," mama Tadea akasema.

"Mmoja unatosha. Tazama taa hii ya nyuma. Ina waya mmoja, na inawaka."

Mama Tadea akainama akaitazama taa, akaipapasa kwa nyuma. "Taa imefungwa kwenye chuma," akasema. "Kitufe chako kiko kwenye ubao. Na kule mbele kengele ililia ulipogusa chuma."

Mansuetus alikwenda mbele akainua kiti. Kutoka kwenye betri ulishuka mkanda mnene wa shaba, ukafungwa kwa bolti kwenye uti wa chuma wa lori. Bolti ile alikuwa akiikaza kwa miaka kumi na mmoja, akidhani mkanda ule kazi yake ni kuishika betri isirukeruke.

"Umeme unarudi kwa njia ya chuma," akasema polepole. "Lori zima ndilo waya wa pili."

Akakata kipande kifupi cha waya, akakwangua kutu kwa kisu, akakiunganisha kitufe na chuma kilichokuwa chini ya ubao.

"Bonyeza wewe, mama."

Akabonyeza. Kengele ikalia, na hata Xaveri akashuka kuja kujaribu.

Njiani ililia kupita kiasi, kila mtu akitaka zamu yake. Walipofika kilimani, pale ziwa linapoonekana kwa mara ya kwanza, ikalia tena kwa muda mrefu. Mansuetus akasimama, akazunguka nyuma akiwa amekasirika.

"Nani anashuka huku porini?"

"Hakuna," akasema mama Tadea. "Nilitaka kuuliza, umeme wa honi nao unarudi kwa chuma?"

Mansuetus mwenyewe hakujua, akaenda kufungua boneti. Mama Tadea akateremka, wakainama wote wawili.

"Leo tutafika?" Xaveri akauliza kutoka juu.

"Tutafika," Mansuetus akasema, kidole chake kikifuata waya wa honi kuelekea kwenye usukani.